Mkulima Hewa wa Mbebe

Jamani, hili jambo nimelificha sana, na hata leo nawasimulia nikiwa natazama pembeni maana aibu yake bado ninayo mwilini.

Mvua ya mawe ilipotupiga kule Mbebe, mahindi yalilala chini kama yamepitiwa na kundi la ng'ombe, maharage ndiyo usiseme, basi serikali ikatangaza kwamba walioharibikiwa watapewa kifuta machozi, bwana shamba akapita mashambani kuandika, na orodha ikabandikwa ukutani pale ofisi ya kijiji. Nikaisoma jina kwa jina (mimi ni mtu wa kushuku, mke wangu akisema chai ina sukari naionja kwanza) mpaka nikafika kwa Tusekile Kibona. Kibona gani huyu? Akina Kibona wa hapa nawajua wote, nimesoma nao. Nikasema moyoni, leo nimewakamata, huyu ni mkulima hewa, kuna mkubwa atasaini kwa jina lake. Ningemuuliza mtu yeyote pale nje ningejibiwa, lakini niliona nikiuliza watashtuka walifute kimyakimya kabla sijawaumbua.

Siku ya mkutano nikasimama wa kwanza. "Mwenyekiti, kabla ya yote tuonyesheni huyo Tusekile Kibona, maana kijiji hiki hakimjui!"

Mwenyekiti akakohoa. Enhe, nikajiambia, anakohoa nini? Mke wangu akanivuta koti kutoka nyuma, "Baba Anna, kaa chini," nikajua wameshamtisha. Jirani yangu akainamisha kichwa, nikajua na huyu yumo. Ndiyo nikapandisha sauti, nikasema huyo mtu ni mwizi, na kama ni mkulima kweli ajitokeze na jembe lake tulione kama lina udongo.

Halafu upande wa akina mama akainuka mtu taratibu, kitenge begani. Mama mkwe wangu! Yule yule aliyehamia kwetu kutoka Ikinga baada ya kufiwa na mume, akakodi shamba kule bondeni, na mahindi yake nilimsaidia kupanda kwa mikono hii. (Mkwe hatajwi jina, mimi namwita mama, kijiji kizima kinamwita Bibi Anna, sasa jina la kwenye kitambulisho ningelijulia wapi?)

"Ni mimi, mwanangu," alisema bila kunitazama. "Jembe liko nyumbani. Nikalilete?"

Watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje. Bwana shamba yeye hakucheka, alisema pingamizi likishatolewa jina linasimamishwa mpaka lihakikiwe. Nikamwambia pingamizi nimeliondoa. "Limeshaandikwa, mzee," akanijibu.

Wenzake mama mkwe walilipwa, yeye akaendelea kusubiri uhakiki. Mbegu za msimu uliofuata nilimnunulia mimi, nikampa mke wangu apeleke, maana mwenyewe nilishindwa kufika mlangoni kwake.

Na kinachoniuma zaidi ni hiki: siku ya malipo alishuka kwenye bodaboda mwenye duka mmoja wa Tunduma, mtu ambaye kwetu hana hata tuta la mchicha, akasaini akapokea hela mbele yetu, akapanda pikipiki akaondoka. Tulimwona wote. Jirani akanigeukia, "Vipi, huyu humuulizi?" na watu wakaanza kucheka upya, nami nikatazama viatu vyangu.

Nimeapa sitasimama tena mkutanoni kabla sijamuuliza mke wangu. Ila yule wa Tunduma, jamani, nani atathubutu kumtaja sasa?