Uzi wa Neti ya Vitunguu

Nakata vitunguu huku redioni wakibishana kama nchi ndogo ikijiunga na majeshi ya wengine itaogopwa. Neti nyekundu ya kubebea vitunguu bado inanuka vilevile.

Hapa Kitengela, nikiwa mdogo, wasichana wakubwa wa mferejini, tulikochota maji, walivaa uzi wa neti kama hiyo mkononi. "Vaa, hakuna mtu atakugusa," waliniambia. "Lakini yule rafiki yako tumekosana naye. Usimsemeshe." Nilikuwa nimechoka kusukumwa kwenye laini ya maji. Nikavaa.

Rafiki yangu akauangalia mkono wangu. "Kwani nimekukosea nini?"

Nikaenda kusimama na wale wakubwa.

Kweli, sikusukumwa tena. Lakini rafiki yangu ndiye aliyekuwa akiniinulia mtungi wa plastiki mgongoni. Siku hiyo niliuburuta mpaka nyumbani, wenzangu wa uzi wakinitazama tu.