Kebo Niliyoifunga Utepe na Kunyamaza

Asubuhi ile naikumbuka vizuri, mwanangu, ingawa ni ya miaka ya vita na nywele zangu zilikuwa bado nyeusi. Nilikuwa msichana pekee aliyeshika spana katika gereji za Kavimvira, na kwa jambo hilo nilijivuna kuliko jogoo. Fundi wangu, Papa Kashindi, alikuwa na kifaa kidogo cha kupimia magari: unakichomeka chini ya usukani kwa kebo yake, nacho kinakuambia injini inaumwa wapi. Hatukujua kingine kama hicho mjini kwetu.

Siku hiyo milio ya bunduki ilisikika milimani, upande wa Rurambo. Nikaharakisha kufunga kazi, nikabamiza mlango wa gari, kumbe kebo iko katikati. Nyaya zikakatika. Papa Kashindi alikuwa ameenda mpakani kutafuta vipuri. Ningemngoja nimwambie. Lakini ujana, mwanangu! Nikasokota nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, zile mbili za kahawia nikazibahatisha, nikafunga utepe vizuri, nikanyamaza.

Kesho yake gari la kituo cha afya likaja likisukumwa. Muuguzi, Mama Nabintu, alikuwa ameshika kichwa. Kule Nyakabere wamama watatu waliokaribia kujifungua walimngoja, na watu walikuwa wameanza kukimbia vita. Papa Kashindi, aliyekuwa amesharudi, akachomeka kifaa. Kikawaka taa, lakini hakikusema neno.

"Tutafungua injini yote," akasema. "Siku mbili."

Siku mbili! Nikamtazama Mama Nabintu. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Siku ile mimi ndiye niliyeficha, na waliokuwa hatarini ni wengine.

"Papa," nikasema, "kifaa kinanyamaza sababu ya miye. Jana nilikata kable na mulango, nikaficha."

Nikangoja kofi. Yeye akafungua utepe polepole, akatazama mafundo yangu.

"Weye, kuharibu, sisi wote tunaharibu. Lakini mwenye kuficha anaharibu mara mbili. Leta petroli kidogo, na ile balbu ya tochi."

Tukaosha nyaya. Chini ya grisi, waya mmoja wa kahawia ukaonyesha mstari mweupe, mwembamba kama uzi. Mwenzake hakuwa nao. Nilikuwa nimezipishanisha, na hizo ndizo zilizobeba mazungumzo kati ya gari na kifaa. Tukaziunga upya kwa risasi (ile ya kuyeyusha, mwanangu, si ile iliyolia milimani), tukavika kila waya utepe wake, tukapima kwa betri na balbu, ncha hadi ncha. Balbu ikawaka kila mara.

Safari hii kifaa kikasema: ishara ya kihisi cha injini haifiki. Nikaingia chini ya gari, nikakuta plagi yake imelegea, imejaa tope. Nikaisafisha, nikaikaza. Ufunguo ukazungushwa, injini ikanguruma! Mama Nabintu akapiga vigelegele. Papa Kashindi, mtu asiyecheka hata harusini, akacheza na spana juu ya kichwa.

Jua halijazama, gari likarudi kutoka Nyakabere. Wamama wote watatu walikuwa ndani, mmoja amejifungua njiani, na mtoto analia kushinda injini.

"Mtoto anakuja kushukuru fundi!" Mama Nabintu akapaza sauti. "Fundi iko wapi?"

Papa Kashindi akanisukuma mbele. "Iko huyu. Ni yeye alisema ukweli."

Nikacheka huku machozi yanatoka.

Basi, mwanangu, ukiharibu, sema mapema, kosa likiwa bado dogo. Usiunge kwa kubahatisha kitu usichokiona vizuri. Safisha kwanza, tazama, pima, na uulize, maana kuuliza si ujinga. Na siku utakapokuwa mkubwa wa kazi, mpokee anayekiri kwa namna ambayo hata kesho hataogopa kukuambia. Mungu akujalie mikono mitulivu na moyo mweupe, kazi yako iwalishe watoto wako, na amani niliyoitamani ujanani uishi ndani yake mpaka uzeeke. Amina.