Gitaa la Mzee Bhikhubhai

Ukitaka kugombana na Sanga wa Karisa, mwambie gitaa ni gitaa tu. Atakuangalia kuanzia viatu hadi utosini, kisha ataendelea kupiga msasa kana kwamba hukuingia. Kwake yeye kuna gitaa, na kuna ubao uliofungwa waya, na hivyo viwili havijuani wala havisalimiani.

Karakana yake ni kibanda cha mabati ubavuni mwa nyumba yake, Kisumu Ndogo, hapa Malindi. Wapigaji wa mahotelini humletea magitaa yaliyoliwa na chumvi, maana hewa ya huku kwetu haina huruma na chuma. Yeye mwenyewe alipiga gitaa karibu miaka thelathini katika bendi ya hoteli moja ya Bofa, akisimama baina ya spika kubwa na matoazi ya mpiga ngoma, hadi vidole vilipoanza kukakamaa. Hapo akaona heri atengeneze. Akawa fundi wa kusifiwa, na sifa yake ilikuwa moja: sikio. Watu walisema Sanga akigonga ubao kwa kidole anajua utaimba nini kabla haujakatwa.

Basi siku moja akaja Rohit, mwana wa Bhikhubhai mwenye duka la nguo. Alikataa kiti. Alisimama mlangoni akizungusha simu mkononi.

"Fundi, hali ya baba unaijua," alisema.

Nani asiyeijua? Kiharusi kilimpiga Mzee Bhikhubhai upande mzima wa kulia na kumchukulia ulimi. Alikuwa amelala tu, akitazama feni ikizunguka.

"Nikimwekea nyimbo za zamani kwenye simu, analia. Daktari ametuambia tusitarajie muda mrefu. Nataka alisikie gitaa lake, Fundi. Si gitaa lolote. Lile."

Sanga aliweka patasi chini. "Lile nalijua kuliko ninavyoijua sauti ya mamangu," alisema, na hakuwa akijigamba.

Alitoka Jilore angali kijana asiyejua mji, akapata kazi ya kubeba majora ya nguo katika duka la Bhikhubhai. Bhikhubhai alikuwa na gitaa la umeme, rangi ya maziwa, alilolipiga kwenye harusi na wenzake. Mchana, wateja wakipungua, alimpa Sanga alishike nyuma ya kaunta. Lakini gitaa la umeme lisilotiwa umeme hunong'ona tu, na duka lina kelele zake. Sanga akiinamisha kichwa akihangaika kusikia, Bhikhubhai, huku akimpimia mteja kitambaa, alikuwa akiinua kidole na kugusa kidevu chake mwenyewe. Maana yake: weka kidevu kwenye ubao. Sanga akaweka, na sauti ikapanda kupitia taya hadi kichwani, yote, kama vile gitaa limeingia ndani yake. Hivyo ndivyo alivyojifunza muziki. Kila kitu alichokuja kuwa maishani kilianzia kwenye kile kidole.

Gitaa lenyewe lilifia stoo. Mchwa walikula shingo, kutu ikamaliza vyuma, na hapakubaki cha kufufua.

Sanga akaianza kazi ya kuliunda upya kwa moyo ambao mkewe, Kadii, hakuwa ameuona kwake kwa miaka. Kwanza, ubao. Uani kwa kina Rohit aliikuta kaunta ya zamani ya duka, mkangazi mtupu, wamefunikia pipa la maji tangu walipoweka kaunta ya kioo. "Loh! Rohit!" alipiga kelele. "Mkangazi uliokauka miaka yote hii mnafunikia maji? Mna wazimu nyie?" Akaukumbatia akaenda nao. Kwenye ukingo ulikuwa bado na mikwaruzo ya kupimia yadi za nguo, naye akaukata kwa namna ambayo mikwaruzo hiyo ilibaki mgongoni mwa gitaa, na mbele akapaka rangi ya maziwa kama ya lile.

Shingo ilikuwa mvule, na juu yake ubao wa vidole wa mpingo mweusi tititi. Vipuri vya kung'aa vilivyojaa madukani siku hizi, usimtajie. Funguo za kukazia nyuzi alizikataa mara mbili kwa kuwa zilikuwa zinarudi nyuma zenyewe, na Rohit akalazimika kuagiza nyingine. Skrubu alitaka zisizoshika kutu. Kidaraja kidogo cha juu, pale nyuzi zinapopita kuelekea kwenye funguo, hakutaka cha plastiki. Alikwenda kwa muuza nyama akachagua mfupa wa mguu wa ng'ombe, akauchemsha, akauanika juu ya bati, akausugua hadi ukawa laini kama jino.

"Sufuria yangu ya pilau hiyo, Baba Karisa!" Kadii alilalamika.

"Pilau italiwa itakwisha, Mama Karisa. Huu mfupa utaimba."

Wakacheka. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho wao kucheka juu ya gitaa lile.

Zikabaki sumaku. Hizo ni zile zilizoviringwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, ambazo hukaa chini ya nyuzi na kuipeleka sauti kwenye amplifaya. Hapo ndipo ilipo roho ya gitaa la umeme. Ubao ukiwa mzuri na sumaku mbovu, umefanya kazi bure. Rohit aliagiza za aina mbili, Sanga achague kwa sikio lake. Alifunga za kwanza, zilizosukwa kwa mtindo wa zamani, akapiga, akakunja uso. Zilisikika kama mtu anayeimba ndani ya gunia. Akazing'oa, akazitupa kwenye mkebe wa biskuti. Akafunga za pili, zenye makali. Akatabasamu. Hizi angalau zilikuwa hai. Akabadilisha na nyuzi, akatia kali zaidi, hadi akaridhika.

Kadii alikuwa nje akipepeta mchele. Alisikia sauti ile ikipenya mabati kama sindano, akaacha kupepeta. Mwanamke yule alikuwa na jambo rohoni kwa muda mrefu. Birika likipiga mluzi, mumewe halisikii. Simu ikilia mfukoni mwake, ni yeye anayemwambia. Na kila masika Sanga hukaa barazani akasema, "Siku hizi nyenje wamekwisha. Watu wamekata miti yote," na Kadii, huku nyenje wakilia hadi masikio yanauma, hunyamaza. Mara moja tu alimshauri akapimwe. Sanga alimjibu, "Fundi wa gitaa akapimwe masikio? Kinyozi akionekana anapimwa macho, nani atakaa tena kwenye kiti chake?" Likaishia hapo.

Safari hii aliingia karakana. "Baba Karisa, linachoma."

"Linachoma nini?"

"Masikio. Linachoma. Hata paka wa jirani amehama."

"Wewe na paka mmeanza lini kujua muziki?"

"Sikio la kufa halisikii dawa!" Kadii alisema kwa hasira, kama tunavyosema sote mtu akikataa kushaurika. Halafu akajiziba mdomo, na akatoka haraka asionekane anavyolia.

Kesho yake alipita Adhiambo, mpiga gitaa wa bendi ile ile ya Bofa, binti ambaye Sanga mwenyewe alimfundisha na kumwachia nafasi yake. "Shikamoo, Mzee." "Marahaba, mwanangu. Njoo uone mambo." Adhiambo alilishika gitaa, akalisifia uzito, akalisifia shingo. Akapiga. Alizungusha kile kitufe cha kupunguza makali, lakini makali hayakupungua, ila sauti ikafifia. Akalirudisha taratibu.

"Mzee, ungejaribu sumaku nyingine? Hizi ziko juu kidogo."

"Juu wapi?"

"Juu kwenye nyuzi nyembamba. Zinakata."

Sanga alicheka kicheko kikavu. "Vijana mmezoea sauti za simu. Gitaa la zamani lilikuwa na makali, ninyi hamkuwepo." Adhiambo alikuwa na heshima zake. Aliinamisha kichwa, akaaga. Na hapo ndipo heshima inapokuwa balaa, jamani. Mtu anaachwa atumbukie shimoni kwa sababu ni mkubwa.

Akalipeleka. Bhikhubhai alikuwa ameinuliwa kwa mito, amenyolewa vizuri, amevaa shati safi kama anayengoja wageni wa harusi. Rohit alikuwa ameshaweka amplifaya chini ya dirisha. Mzee aliliona gitaa lile rangi ya maziwa, na jicho lake likajaa. Sanga akaketi kwenye kigoda kando ya kitanda, akakaza vidole vyake vigumu, akaanza wimbo wa kumwingiza bibi harusi ambao Bhikhubhai alimfundisha nyuma ya kaunta, ule unaoanza chini kwenye nyuzi nene na kupanda taratibu hadi unamalizikia kwenye zile nyembamba.

Alipofika kwenye nyembamba, Mzee Bhikhubhai aliinua mkono wake mmoja uliobaki hai akaziba sikio. Uso ukamkunjamana. Sikio la pili hakuwa na mkono wa kuliziba, kwa hiyo akageuza kichwa akalisukumiza kwenye mto.

Sanga akaacha kupiga.

"Fundi," Rohit alisema polepole, "samahani. Ndivyo lilivyokuwa?"

Sanga alilishusha gitaa mapajani. Alimtazama yule mzee aliyempa muziki, sasa ameukimbia kwa kujificha kwenye mto, na akajua kwamba kuna kitu mle chumbani kila mtu alikisikia isipokuwa yeye. Akalifunga gitaa kwenye shuka, akaenda zake bila hata kunywa chai waliyomwandalia.

Alimkuta Kadii barazani. Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu na majani yalikuwa yakidondosha maji. Akaketi karibu naye, akatega sikio.

"Mama Karisa. Nyenje wanalia?"

Kadii angeweza kudanganya. Mungu anajua alitamani kudanganya.

"Wanalia, Baba Karisa."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Wanalia kila mwaka."

Sanga alifunika uso kwa viganja akalia kama mtoto, mtu mzima wa mvi, na Kadii akamshika mgongo. Alililia gitaa, akalilia lile sikio lililomlisha, akawalilia wale wote aliowatengenezea magitaa makali miaka hii ya mwisho wakamshukuru kwa adabu na kwenda kuyabadilisha kwingine. Alipotulia, aliingia karakana, akautoa mkebe wa biskuti, akampa mkewe simu. "Mpigie Adhiambo. Mwambie aje na masikio yake."

Adhiambo alikuja. Sanga alifunga zile sumaku alizozitupa, mikono yake bado haijasahau kitu, na kila alipomaliza hatua alimtazama binti yule usoni badala ya kusikiliza. Akikunja uso, Sanga anapunguza. Akitulia, Sanga anaacha. Nyuzi kali zikatolewa, zikawekwa laini za zamani. Mwisho Adhiambo alipiga mara moja tu, akaacha mkono hewani, na macho yake yakabadilika.

"Limefika?" Sanga aliuliza.

"Limefika, Mzee."

Kwa Sanga mwenyewe lilisikika kama mtu anayeongea chumba cha pili, mlango umefungwa.

Walirudi kwa kina Rohit pamoja. Safari hii Bhikhubhai alipoliona gitaa aliangalia pembeni, na Sanga alilazimika kusema, "Bhai, nipe nafasi nyingine. Mimi sipigi. Anapiga huyu." Adhiambo akaketi kwenye kigoda, akaanza wimbo ule ule, chini, kwenye nyuzi nene.

Mzee aligeuza kichwa. Mkono wake ukaanza kucheza juu ya shuka, kidole kimoja, kisha vyote, akipiga pamoja na Adhiambo. Machozi yakamtiririka hadi masikioni. Rohit alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja.

"Ndilo hili! Fundi, ndilo lenyewe! Unalisikia?"

Sanga alifungua mdomo aseme ndiyo. Lakini Bhikhubhai alikuwa akimtazama. Alimtazama namna alivyokuwa akimtazama kutoka upande wa pili wa kaunta, na mkono wake ukaacha kucheza. Ukainuka juu ya shuka, ukafika usoni. Akagusa kidevu chake.

Sanga alipiga magoti. Alilaza kidevu kwenye pembe ya gitaa, kando ya kiwiko cha Adhiambo, akafumba macho. Nyuzi nene zilipanda kwenye taya, zikamfikia. Wimbo ukaanza kupanda kuelekea kwenye nyembamba, na yeye akabaki pale pale, kidevu kwenye mkangazi wa kaunta, akizingoja, mpaka Rohit alipomgusa begani kumwambia kwamba wimbo umekwisha.