Picha za Mwisho za Kaka Salim

Jamani, leo picha zimenitoa jasho katikati ya theluji.

Kaka yangu Salim alikuwa akipanda mawimbi kule Malindi, kwa ubao alioachiwa na mtalii. Kila akiingia baharini alibeba kamera ndogo ya plastiki, ile isiyoingia maji. Siku alipozama, ubao ulirudi ufukweni na kamera ikiwa imefungwa kwenye kamba yake.

Miaka minne nimekaa nayo hapa Minneapolis, sithubutu kupeleka filamu yake isafishwe.

Wiki iliyopita nikajikaza, nikaipeleka duka la dawa hapa jirani, Saint Louis Park, ambako husafisha pia picha. Leo asubuhi nimechukua bahasha. Nilitarajia mawimbi. Nilitarajia uso wake.

Wapi! Picha zote kanipiga mimi, nimesimama mchangani namtazama.

Ya mwisho nimempa mgongo. Naondoka.

Na mimi niliwaapia watu wote nyumbani kwamba sikumwondolea macho hata kidogo.

Nilipofika chumbani nikampigia mama simu.

“Mama, nilidanganya. Sikuwepo alipozama. Nilikuwa nimeshaondoka.”

Akanijibu:

“Najua, mwanangu. Si mimi niliyekuita uje unitekee maji? Miaka yote hii nangoja unilaumu.”

Jamani, nilikuwa hata nimesahau kwamba aliniita.

Tukalia wote wawili, yeye kule, mimi huku. Picha iko hapa mezani, na nikiitazama naona alichokiona Salim: mimi nikienda zangu.

Ninyi mngemjibu nini mama?