Ubeti wa Blanketi

Nilikuwa na rafiki wawili, mume na mke, wapiga muziki wa Makambako tangu ujana wetu. Mume gita, mke sauti. Mtoto wao wa pekee alipanda lori la manamba kwenda kukata mkonge Tanga, akafia huko. Kilichorudi ni blanketi lake. Wakamtungia wimbo.

Miaka ikapita, kifua kikamnyang'anya yule mama sauti. Wakaja kwangu Njombe. "Jumamosi mnafunga shule yenu ya jioni ya kujifunza kusoma, pale kanisani," mzee akasema. "Tuimbie wewe, wimbo usije ukafa na sisi."

Nikakubali upesi, halafu nikaingiwa na hofu. Mwanangu wa kwanza naye alikuwa kwenye mkonge, na barua zake zilikatika tangu tulipopanda mahindi.

Mama mkwe alinisikia nikijaribu wimbo jikoni. Akaweka mwiko chini.

"Humu ndani amekufa nani?"

"Hakuna, mama."

"Basi nyamaza. Kilio hakiimbwi bila msiba. Utauita."

Mimi nimebatizwa; mambo hayo tuliambiwa tuyaache. Lakini nikipiga magoti kusali, midomoni yanakuja maneno ya blanketi. Nikawa naenda kufanyia mazoezi shambani, mbali na nyumba.

Jumamosi nikaimba. Ubeti wa kwanza, wa pili. Kufika wa tatu, ule wa blanketi, mdomo ukakataa. Mzee hakuuruka. Aliupiga ubeti wote kwa gita peke yake, polepole, mimi nimesimama natoka jasho na baridi yote ile. Nikaja kuingia kwenye ule wa mwisho.

Watu walipotoka, yule mama akanishika mkono. Sauti yake ilikuwa mkwaruzo tu.

"Umemruka mwanangu, dada."

"Naogopa kwa ajili ya wangu."

"Najua. Mimi wangu sikumwimbia kilio hata siku moja alipokuwa hai. Mbona alikufa?"

Mzee alikuwa bado hajalivua gita. Tukaenda nyuma ya kanisa, watatu tu, nikauimba wote, nimefumba macho, mkono ukutani, nikisema moyoni, Bwana, usinielewe vibaya.

Barua kutoka kwenye mkonge ilikuja tukivuna. Sikumpa mtu anisomee. Niliisoma mwenyewe, herufi moja moja, nikitafuta neno blanketi. Halikuwamo. Mwanangu alikuwa anaumwa mguu tu.

Lakini humu ndani, wimbo ule siuimbi.