Chumba cha Wazazi cha Bwejuu

Isha ilishapita, na Mwanapili binti Simai alikuwa bado yuko barazani, sikio lake njiani, jicho lake kwa mwanawe. Yusra alilala ubavu mkekani, mimba imetimia. Mtoto wa kwanza alimpoteza ndani ya gari, kabla hawajafika hospitali ya mjini. Huyu wa pili, Mwanapili aliapa, hatazaliwa barabarani.

Silima, kaka yake Mwanapili, aliondoka tangu alfajiri kwenda mjini kusikiliza hukumu. Simu yake haipatikani.

Kesi ilikuwa ya Mwanapili, mkulima wa mwani aliyeishia darasa la nne. Sheria ilimpa kila mwakilishi fungu la fedha za kuendeleza jimbo lake, na kwa fungu hilo Bwejuu ikajengewa chumba cha wazazi: vitanda viwili, tangi la maji, vifaa vya mkunga. Lakini ufunguo alipewa Pandu, mtu wa mwakilishi, naye alifungua kwa kuangalia sura. Ukionekana kwenye mkutano wa chama kingine, mkeo atasubiri na uchungu wake mpaka Pandu amalize kahawa.

Ndipo alipokuja Zahran, wakili kutoka mjini, akitafuta mtu wa kutia jina kwenye kesi.

"Bi Mwanapili, katiba haimruhusu anayepitisha fedha azitumie mwenyewe, kisha ajikague mwenyewe. Huyo anakuwa muuzaji, mnunuzi na mshika mizani."

Mwanapili alielewa papo hapo. Alielewa kama mambo ya wakf. Msimamizi wa minazi iliyotolewa wakf kwa msikiti wao alipoila mapato yake, kadhi alimtoa, na kabla ya alasiri ufunguo wa ghala ulikuwa kwa mtu mwengine. Akajua na hapa atatolewa Pandu tu. Akatia saini, asiulize zaidi.

Usiku huo Silima aliingia anacheka.

"Dada, umeshinda! Jina lako limesomwa mara mbili. Jaji kalitamka utadhani la bibi harusi."

"Alhamdulillahi. Ufunguo kapewa nani?"

"Ufunguo gani?"

"Wa chumba, Silima!"

Kicheko kikamkatika. "Hakupewa mtu. Sheria imefutwa, dada, mfuko wenyewe haupo tena. Kila kilichojengwa kwa fedha zile kinafungwa mpaka serikali iamue ni cha nani. Zahran anasema huenda ikafika mwaka."

"Mwaka! Mbona hakunambia?"

"Anasema hukumuuliza."

Mwanapili alimtazama Yusra kuona kama yuko macho. Alikuwa macho.

Siku ya pili maofisa walikuja na kufuli lao. Siku ya nne, jua limeshapanda, Yusra akashikwa na uchungu. Silima akakimbilia kijiji jirani cha Paje kutafuta gari. Mwanapili akamkokota mwanawe hadi mlangoni pa chumba kile, maana hakujua pengine pa kumpeleka. Pandu alikuwa ameketi kivulini.

"Shikamoo, Bi Mshitaki."

"Marahaba. Nifungulie, baba. Mwanangu ana uchungu."

"Nifungue na nini? Wiki iliyopita ningekufungulia, japo kwa kukusimanga. Hili kufuli si langu." Akaigonga karatasi iliyobandikwa mlangoni. "Soma. Jina la juu kabisa ni lako."

Mwanapili akasoma kwa kidole, neno kwa neno. Lilikuwa lake.

Mkunga alifika mikono mitupu. "Vyangu vyote vimo humo ndani," alisema, akapiga magoti kando ya Yusra sakafuni. Wanawake wa jirani wakafungua kanga zao wakazizungusha ukuta. Njia ya Paje ilikuwa nyeupe, haina hata vumbi la gari.

"Mama," Yusra aliita, "nshachoka. Washafungua?"

"Wanafungua, mwanangu. Sasa hivi."

Akauegemea mlango kwa bega, akasukuma. Pandu akainuka, akaweka bega lake karibu na la Mwanapili. Wakasukuma pamoja, mara tatu, mara nne. Mlango haukufunguka.