Mkono wa Bi Harusi

Wino ukichanganyika na mafuta ya taa, mahali popote duniani, harufu yake naitambua hadi leo. Harufu hiyo hunirudisha kwenye karakana ya Baba kule Mbugangari, mwishoni mwa miaka ya tisini, nikiwa na miaka kumi na moja na kisu cha kuchongea mkononi.

Baba alipiga chapa kadi za harusi. Mwaka ule akajitwisha kazi ya mapenzi: kitabu cha hadithi moja tu, ile ya kale ya bi harusi aliyempa mgeni mchovu maziwa asijue kuwa ni mfalme. Sisi tuliipata kwa Koko, mama yake Baba, aliyeishi Goma, ng'ambo ya mpaka. Macho ya Koko yalikuwa yakizimika, na Baba aliapa kwamba ataiona hadithi yake kwenye karatasi nene, herufi zimepangwa moja moja kwa mkono, kabla giza halijamfunika. Vitabu kumi, basi. Mpaka huo siku zile ulifungwa na kufunguliwa bila taarifa. Tulipopata ruhusa ya kuvuka kesho yake, ilikuwa imebaki picha peke yake.

Picha niliachiwa mimi, maana mkono wa Baba ulikuwa umeanza kutetemeka. Akamchora bi harusi kwa penseli juu ya ubao wa kupigia chapa, akaenda kuswali. Nilipoinama nichonge, nikashtuka: bi harusi anatoa maziwa kwa mkono wa kushoto! Koko alishanichapa vidole kwa kosa hilo hilo. Masikini Baba, nikasema moyoni, uzee huo. Nikafuta, nikachora mkono wa kulia, nikachonga mpaka vidole vikatoka damu.

Herufi za kinyume nilizijua tangu nikiwa mdogo. Kwamba na mkono nao hugeuka ubao ukipigwa kwenye karatasi, hilo halikunijia kabisa.

Baba alijaribia kwenye gazeti kuukuu. Bi harusi akatokea, mzuri, maziwa kwenye mkono wa kushoto. Baba akaugeuza ubao, akaupitishia kidole mkono nilioubadilisha. Ubao mwingine hatukuwa nao.

“Bon, sawa,” akasema. “Tutapiga vile iko.”

Pale Grande Barrière, kituo cha mpakani, askari alikipekua kitabu ukurasa kwa ukurasa. Nawaambia ukweli, niliomba Mungu akinyang'anye. Akakirudisha.

Koko alikipeleka dirishani, pua karibu iguse karatasi. Akapapasa herufi kwa kidole gumba, akitabasamu. Kisha akafika kwenye picha, na tabasamu likakatika.

“Nani alifanya huyu bibi-arusi anapana maziwa na kushoto?”

“Ni mi, mama,” Baba akadakia. “Nilikosea.”

Nikamwachia Baba kosa langu, nikaficha mikono nyuma. Aibu ile ninayo bado.

“Miaka makumi mbili uko mu kazi ya chapa,” Koko akasema polepole, “leo ndiyo unakosea?” Akanishika mkono, akavipapasa vidole vyangu vilivyojaa vidonda.

Akamimina chai. Kikombe changu akaninyooshea kwa mkono wa kushoto.

“Kunywa, mutoto.”

Nilipokea kwa mikono miwili, machozi yakinilenga, nikidhani macho yamemwisha kiasi kwamba hajui tena mkono upi ni upi. Nilikuwa mtu mzima, Koko ameshazikwa, nilipokumbuka kwamba kikombe cha Baba, dakika ile ile, alikitoa kwa kulia; changu tu ndicho alichonipa kwa mkono wa bi harusi wangu.